Miswada Inayoozea Masandukuni

Maneno yamezoeleka katika ofisi za serikali na katika vyumba vya walimu kwamba vijana wa siku hizi hawaandiki. Husemwa kwa masikitiko, chai ikiwa mezani, na kila aliyepo hutikisa kichwa. Kisha kengele hulia, kila mtu akarudi kazini kwake akiwa ametua mzigo ambao hakuubeba.

Madai hayo ni ya uongo. Vijana wanaandika. Katika kata ya Mabawa, Jiji la Tanga, kama katika kata nyingine yoyote ya pwani hii, hazikosekani nyumba ambamo chini ya kitanda limo daftari kubwa lenye jalada gumu, na ndani yake hadithi nzima imeandikwa kwa kalamu ya wino tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mwenye daftari ni mwalimu wa shule ya msingi, au karani, au binti aliyemaliza kidato cha nne akakosa nafasi ya kuendelea. Kinachokosekana ni mtu wa kulisoma daftari hilo na kumjibu aliyeliandika.

Hebu tuifuate njia ya mwandishi huyo. Kwanza hulipeleka daftari lake kwa mpiga chapa wa mtaani, ambaye hulipwa kwa kila ukurasa. Riwaya ya kurasa mia mbili humla mshahara. Kisha hupanda basi kwenda Dar es Salaam, maana wachapishaji wengi wa nchi hii wamejikusanya huko. Huko huupokeza mswada mezani kwa mtu wa mapokezi, huambiwa aache namba ya simu, na safari yake huishia hapo. Mwaka hupita, wa pili hupita. Hakuna anayemwambia kwamba hadithi yake ni mbaya, wala anayemwambia kwamba ni nzuri ila sura ya nne ifupishwe. Akibahatika kujibiwa, mara nyingi jibu ni moja: alete fedha za kuchapia. Katika lugha iliyonyooka, mtu anayedai kulipwa na mwandishi ili amchapie kitabu ni mwenye kiwanda cha chapa. Jina la mchapishaji amelivaa tu kama koti la kuazima.

Tanga ingepaswa kuwa ya mwisho kuvumilia hali hiyo. Mji huu ulikuwa na gazeti lake la Kiswahili, Kiongozi, tangu mwaka 1904, likitoka katika shule ya serikali ya Wajerumani. Waliolisoma na kuliandikia walikuwa watu wa aina ile ile wanaosoma ukurasa huu leo, yaani makarani na walimu. Mkoloni alikuwa na shabaha zake katika jambo hilo, na hazikuwa shabaha za kumtukuza Mwafrika. Lakini mashine ilikuwa hapa, na aliyeandika aliliona jina lake likichapwa hapa.

Na ni hapa, katika kijiji cha Vibambani kusini ya mji, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Sifa zake huimbwa katika kila sherehe ya lugha, lakini njia aliyopita haisimuliwi. Alikuwa mtumishi wa serikali. Tangu mwaka 1926 hadi 1944 alifanya kazi ya ukarani katika Idara ya Forodha, baadaye katika Idara ya Wanyama Pori, kisha katika ofisi ya Wilaya ya Tanga, na mwisho katika Idara ya Upimaji. Aliandika baada ya saa za kazi, kwa mshahara wa karani Mwafrika chini ya serikali ya kikoloni. Je, vitabu vyake vilichapwa wapi? Pambo la Lugha lilitolewa Johannesburg, Afrika Kusini, na chuo kikuu cha huko. Kusadikika kilitoka London mwaka 1951, mwandishi akiwa na umri wa miaka 42. Mtu aliyeandika juu ya dhuluma ya watawala na kunyimwa haki ya kusema, alilazimika kuvusha bahari maneno yake ili yarudi yakiwa kitabu. Zaidi ya hayo, katika zama hizo kitabu cha Kiswahili kilichotaka kuingia shuleni kilipitishwa kwanza mbele ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ambayo Wazungu ndio waliokuwa na kauli ya kuamua Kiswahili kipi ni sanifu.

Kufikirika kina habari ya kusikitisha zaidi. Mwandishi alifariki tarehe 20 Juni, 1962. Kitabu hicho, alichokiandika katika miaka ya arobaini, kilitoka mwaka 1967. Mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha hii hakukiona kwa macho yake. Katika miaka yake ya mwisho aliamua kuchapisha baadhi ya kazi zake mwenyewe hapo hapo Tanga, na mtu mwenye jina kubwa kama lile hafiki huko kwa kupenda biashara.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya ukoloni na yamekwisha. Ni kweli kwamba kwa muda mlango ulifunguka. Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1948, lilikuwa chombo cha wakoloni, lakini lilisoma miswada ya watu wasiojulikana. Shindano lake ndilo lililomtoa Muhammed Said Abdulla wa Unguja, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale kilichapishwa mwaka 1960. Shirika hilo hilo likamchapia Euphrase Kezilahabi Rosa Mistika mwaka 1971, kijana kutoka Ukerewe ambaye hakuwa na kitabu chochote kabla ya hicho. Kitabu kilizua kelele na kuzuiwa mashuleni, lakini kilikuwapo. Mwaka 1966 nchi yetu iliunda shirika lake lenyewe, Tanzania Publishing House. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na nguvu ya shirika la vitabu ikaenda nayo. Miaka ya themanini ikaja na uhaba wa karatasi. Watu hodari kama Elvis Musiba na Ben Mtobwa wakaunda kampuni zao wenyewe za kuchapisha, na wasomaji wakawafuata. Lakini ni wangapi wenye kipaji cha kuandika na papo hapo wana kipaji cha kufukuzana na wadeni?

Hoja inayotolewa leo ni ya soko. Huambiwa mwandishi kwamba riwaya hainunuliki, na kwamba mchapishaji huishi kwa vitabu vya kiada. Wachapishaji wana haki ya kusikilizwa katika hili, kwani tangu kazi ya vitabu vya kiada ilipowekwa chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, riziki waliyoitegemea imepungua sana. Lakini soko halishuki kutoka mbinguni kama mvua. Soko la riwaya katika nchi hii ni shule, na wanaoendesha shule ni watumishi wa umma. Basi tuseme kweli, hata kama inachoma: katika shule ngapi kitabu kimoja cha hadithi hununuliwa, kikapelekwa kwenye mashine ya kivuli, kikatoka nakala arobaini? Mwalimu anayefanya hivyo anasukumwa na upungufu wa fedha, na wanafunzi wanataka kusoma, hayo yanafahamika. Hata hivyo mwandishi amenyang'anywa jasho lake mara arobaini, na mchapishaji amepewa sababu nyingine ya kuukataa mswada unaofuata. Ndugu huyo huyo ndiye atakayesema kesho, juu ya chai, kwamba vijana hawaandiki.

Ni haki kuipongeza Serikali kwa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022 na kutolewa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili, 2023. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni kumi, na mswada wake kuchapishwa. Hatua hiyo ni kubwa, ingawa ilichelewa: tuzo ya riwaya na mashairi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 ilibebwa na kiwanda cha mabati cha Kenya na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Watengeneza mabati walituwahi kwa miaka minane katika lugha tuliyoiita ya taifa.

Lakini tuzo humchagua mmoja na kuwaacha wengi. Kati ya hao wengi wamo ambao mswada wao ulihitaji miezi sita tu ya mhariri. Mhariri ni yule anayemwambia mwandishi kwamba mhusika wake amekufa katika sura ya tatu akanywa kahawa katika sura ya saba; kwamba kurasa ishirini za mwanzo ni hotuba, na hadithi inaanza ya ishirini na moja. Kijana asiyepata mtu wa kumwambia hayo huamini kwamba amedhulumiwa, na pengine huchapisha mwenyewe makosa yake yote, akauza kwa sehemu katika simu, na sifa mbaya ikawapata waandishi wote chipukizi.

Basi mambo ya kudaiwa yako wazi na hayahitaji tume. Mchapishaji anayepokea mswada alazimike kuujibu kwa maandishi katika muda uliotajwa, hata jibu likiwa la kukataa. Halmashauri zinunue nakala za riwaya mpya kwa ajili ya shule zake na maktaba za umma, na ziseme mwanzoni mwa mwaka zitanunua ngapi, ili mchapishaji ajue anachapa nini. Magazeti ya Kiswahili yarudishe nafasi ya hadithi fupi kila wiki, yenye mhariri anayejibu barua. Na Maafisa Elimu waulize, wanapokagua shule, vitabu vya hadithi vilivyomo kabatini vimenunuliwa au vimetolewa kivuli.

Sherehe za Siku ya Kiswahili hufanyika kila tarehe 7 Julai, siku ambayo TANU ilizaliwa mwaka 1954. Hotuba hazitakosekana, na jina la Shaaban Robert litatajwa katika nyingi. Kabla ya hotuba inayofuata, kila ofisi inayopokea miswada ifungue kabati lake, ihesabu iliyolala humo bila jibu, na iwapigie simu wenyewe.