Kijiwe kikiuzwa, na wewe umo kwenye bei

Kama wikiendi ilikuendea vizuri, mshukuru Mungu. Kama mfuko umetoboka, usijali, tuko wengi. Leo nataka tuongee juu ya vijiwe. Siyo kile cha kahawa pale kona, ambako siasa zinachambuliwa kuliko bungeni. Naongelea kijiwe cha kwenye simu, kile unachokifungua asubuhi hata kabla hujapiga mswaki.

Swali langu ni moja tu. Siku kijiwe hicho kikiuzwa, kinachouzwa ni nini hasa?

Usiniambie majengo. Kijiwe chochote duniani, benchi ni la mwenye duka, kivuli ni cha mwembe, lakini kijiwe chenyewe ni cha wakaaji. Wakihama, linabaki benchi na kinyesi cha kunguru. Sasa ukisikia tajiri katoa mapene kununua mtandao, ujue hakununua mitambo peke yake. Amenunua umbea wako, vichekesho vyako, ugomvi wako na marafiki zako. Na wewe umo kwenye bei, ila kwenye mgawo haumo.

Chukua mtandao wa Twitter. Ulizaliwa mwaka 2006 kule San Francisco, Marekani, na alama yake ilikuwa kandege ka bluu. Kandege hako kalipofika huku kwetu kakapata kiota kizuri. Wakenya wakajipa jina kabisa, KOT, na ole wake aliyewachokoza. Julai 2015, Rais Obama alipokuwa anaelekea Nairobi, televisheni ya CNN ikasema anakwenda kwenye kitovu cha ugaidi. Lo! Watoto wa Nairobi wakaamka na vijembe mpaka mwezi uliofuata bosi mmoja wa CNN akapanda ndege kwenda Kenya kuomba radhi. Radhi kwa ajili ya maneno ya kwenye simu!

Mwishoni mwa mwaka huohuo ikawa zamu yetu Bongo. Rais Magufuli alikuwa ndiyo kwanza ameingia Ikulu, akafuta sherehe za Desemba 9 na kuifanya siku ya usafi. Watu wakaanza kuulizana mtandaoni: Magufuli angekuwa wewe, angefanyaje? Kila mmoja akatundika picha yake ya kubana matumizi, nyingine za kuvunja mbavu. Afrika nzima ikacheka na sisi.

Sasa nikuulize, katika vichekesho vyote vile, mwenye Twitter aliandika kingapi? Hata kimoja. Waliandika watu, bure, tena kwa bando lao wenyewe. Hiyo ndiyo mali.

Akaja mnunuzi. Elon Musk, yule tajiri wa magari ya umeme na maroketi. Aprili 2022 alikubali kutoa dola bilioni 44. Julai akataka kuruka dili, kampuni ikamkimbilia mahakamani, na Oktoba 27, 2022 mambo yakaisha, funguo akakabidhiwa. Siku moja kabla alitinga ofisini amebeba sinki la kunawia mikononi, eti kichekesho cha Kiingereza, ambacho ukikitafsiri kinakufa njiani. Watu wakacheka. Wafanyakazi hawakucheka muda mrefu.

Bosi mkuu alitimuliwa siku hiyohiyo. Novemba 4 ikafika zamu ya wadogo: katika watu kama 7,500, karibu nusu walionyeshwa mlango. Kilichoniacha hoi ni habari ya Accra. Twitter ilikuwa imetangaza mwaka 2021 kwamba makao yake ya Afrika yatakuwa Ghana. Wale vijana walifanyia kazi majumbani kwao kwa sababu ya korona, wakasubiri ofisi, na Novemba 2022 ofisi ikafunguliwa. Hawakumaliza hata wiki. Karibu wote wakaambiwa kazi basi.

Labda utasema, dada, mambo ya kazi za watu yananihusu nini? Yanakuhusu sana. Miongoni mwa walioondoka walikuwemo walinzi wa kijiwe. Ndio wanaosoma malalamiko yako pale mtu anapotishia kukuua, anapoitumia picha yako ya faragha kama fimbo, au anapojifanya wewe na kuwakopa ndugu zako. Kazi hiyo haina sifa. Ikifanywa vizuri huioni, kama vile usivyomwona mlinzi wa usiku mpaka uamke ukute televisheni haipo. Na mashine peke yake haitoshi. Tusi la Kiswahili linaweza kuvikwa kanga na kupambwa mafumbo likapita mlangoni linatabasamu. Anayelishtukia ni mtu aliyekulia nalo.

Kisha ikaja hadithi ya tiki ya bluu. Zamani tiki ile ilikuwa kama kitambulisho. Ukiiona kwenye jina la waziri au msanii, unajua ni yeye. Bosi mpya akasema hapana, huo ni ubwanyenye, kila mwenye dola 8 kwa mwezi aipate. Kwa masikio ilisikika vizuri, usawa kwa wote. Ikaanza Novemba 9, 2022. Msomaji wangu, hata siku mbili hazikuisha. Mtu mmoja alinunua tiki akajipa jina la Eli Lilly, kampuni kubwa ya dawa ya Marekani, akatangaza kwamba insulini sasa ni bure. Fikiria mgonjwa wa sukari anayesoma habari hiyo. Kampuni ya kweli ikabidi itoke hadharani kuomba radhi kwa neno isilolisema, na ule mpango ukasimamishwa kwanza. Ulirudi Desemba, na Aprili 2023 tiki za zamani zikang'olewa. Kitambulisho kikawa tiketi. Julai 2023 hata kandege kenyewe kakatolewa, ukutani ikapakwa herufi moja: X.

Haki yake tumpe. Musk alidai mabosi wa zamani walikuwa wanafungia watu kwa upendeleo, na wapo wengi waliomshangilia aliporudisha waliofungiwa, akiwemo Donald Trump. Pia ule utaratibu wa watumiaji wenyewe kuweka maelezo chini ya habari ya uongo ulianza kwa majaribio Januari 2021, lakini ni chini yake uliposambaa duniani. Wazo zuri, wakaaji wanalinda kijiwe chao.

Hata kura alipiga, na hapa ndipo utamu ulipo. Desemba 2022 aliwauliza watumiaji: niachie ukuu wa mtandao huu? Kura zaidi ya milioni 17 zikaingia, na asilimia 57.5 wakasema achia. Akaahidi ataachia akipata mjinga wa kuichukua kazi hiyo, na Juni 2023 akaingia mama mmoja, Linda Yaccarino, kuwa mkurugenzi. Lakini hati ya nyumba ilibaki kwa nani? Mama mwenyewe aliaga Julai 2025, mwenye nyumba yupo palepale. Mpangaji anaweza kuulizwa rangi ya ukuta, ila funguo hapewi.

Sasa tuje nyumbani, maana moto wa jirani una tabia ya kuruka ua. Picha za ngono zilikuwepo hata enzi za kandege. Lakini mwaka 2024 X ikaandika rasmi kwenye kanuni zake kwamba zinaruhusiwa kwa masharti. Uamuzi wa watu wachache wa Marekani. Mei 2025, siku ambayo akaunti ya Jeshi la Polisi Tanzania ilidukuliwa, X ikazimika nchini. Baadaye Jerry Silaa, aliyekuwa waziri wa habari na mawasiliano wakati ule, akaeleza kwamba mtandao huo unaruhusu maudhui ya ngono yanayokwenda kinyume na sheria na maadili yetu. Wapo walioikubali sababu hiyo, wapo walioguna wakasema wakubwa wamechoka kukosolewa. Mimi nakuonyesha kitu kimoja tu. Kanuni ilibadilishwa na bosi wa mbali, mlango ukafungwa na mkubwa wa karibu, na katikati akabaki kijana wa Temeke aliyekuwa anauza mashati yake humo. Hakuna aliyemuuliza, si wa mbali wala wa karibu.

Usidhani basi dawa ni kukaza kamba. Iko hadithi ya Tumblr. Yahoo iliununua mtandao huo mwaka 2013 kwa dola bilioni 1.1, na mkurugenzi wake akaahidi hatauharibu. Yahoo nayo ikanunuliwa, mabosi wakabadilika, na Desemba 2018 ukapigwa marufuku ya picha za utupu kwa mkupuo. Kazi ya kuzisaka ikapewa mashine, nayo ikafagia na wasiohusika, michoro na sanaa za watu zikaangukia humohumo. Wakaaji wakaingia mitini. Mwaka 2019 Tumblr ikauzwa tena, na vyombo vya habari vya Marekani viliripoti bei isiyofika dola milioni 3. Kutoka bilioni! Majengo yalikuwa yaleyale. Waliopungua ni watu.

Umeona? Mmoja alilegeza kamba, mwingine akaikaza, wote wakavuna watu kuondoka. Kosa haliko kwenye kamba. Kosa ni kuivuta bila kuangalia nani kaishika upande wa pili.

Tena si lazima uwe bilionea kuua kijiwe. Darasa letu la kidato cha nne lilikuwa na kundi kwenye simu, chini ya dada mmoja mkali kama pilipili kichaa. Matangazo marufuku, matusi marufuku, na msiba ukitokea anafunga mazungumzo mengine yote mpaka michango iorodheshwe. Wengine walimwita mkoloni. Alipopata kazi ya zamu akachoka, akakabidhi kundi kwa jamaa mmoja mchangamfu. Yule bwana akaliona kundi kama gulio. Akaingiza watu tusiowajua, viwanja vya bei poa vikaingia, mikopo ya dakika tano ikaingia, dawa za nguvu za kiume ndiyo usiseme. Tulikuwa arobaini, tukafika mia mbili na kitu. Kwa hesabu ya juujuu, kundi limestawi.

Usiku mmoja mwenzetu akaandika kwamba amefiwa na mama yake. Kufika asubuhi ujumbe wake ulikuwa chini ya lundo la matangazo ya viwanja. Makaburini tulikuwa sita tu wa darasa letu, wote tuliopata habari kwa mdomo kwa kuwa tunaishi mtaa mmoja naye. Akatuangalia, akauliza taratibu, "Wengine wako wapi, au walikuwa na kinyongo na mama?" Hakuna aliyekuwa na kinyongo. Ujumbe wake haukuonekana, basi. Siku arobaini hazijaisha, yule dada mkali akafungua kundi jipya. Walihamia watu thelathini na mmoja, na safari hii kanuni waliziandika pamoja, wakachagua walinzi watatu ili mmoja akichoka wapo wengine. Gulio liko palepale mpaka leo, wanauziana viwanja wenyewe kwa wenyewe.

Kwa hiyo mwananchi mwenzangu, nifanyeje, nisijiunge na chochote? Hapana, mjini hakukaliki bila kijiwe. Ila ingia ukiwa na macho. Kabla hujashangilia bosi mpya, uliza walinzi wamebaki wangapi, na kama yupo anayejua lugha yako. Uliza ukionewa utamlalamikia nani, mtu au mashine. Ukiona tiki, usiamini kwa rangi. Mtu wa kweli ana historia na ana watu wanaomjua. Na wateja wako, marafiki zako, waandike namba pembeni, hata kwenye daftari la shule lililobaki kurasa. Wakati wa Twitter kuyumba, mtandao wa Threads ulifunguliwa Julai 2023 ukazoa watu milioni 100 kwa siku tano. Wengi walifika huko wakiwa na jina jipya na mikono mitupu, wakaanza kutafutana kama watu waliopotezana kituo cha daladala. Aliyekuwa na namba hakupotea.

Na wewe uliyepewa kundi la familia, la mtaa au la kazini ulisimamie, usilione dogo. Tajiri akikosea hupoteza mabilioni, akalala na mengine. Wewe ukikosea, mtu anaweza kumzika mama yake peke yake.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Mwenye la kusema aseme, ila matusi marufuku. Mimi ndiye mlinzi hapa!