Mauaji ya Sotik: Ushahidi utangulie jina

Msafiri anayetoka Kericho kuelekea Bomet husifu mashamba ya majani chai yaliyotanda mithili ya zulia. Ni wachache wanaokumbuka damu iliyomwagika katika nchi hiyo.

Mwaka 1905, kikosi cha Waingereza kikiongozwa na Meja Pope-Hennessy kiliwashambulia Wakipsigis wa Sotik kwa madai kwamba walikataa kurejesha mifugo ya Wamaasai. Idadi inayotajwa mara nyingi ni watu 1,850 waliouawa, wakiwemo wanawake na watoto. Baadaye, kwa sheria ya 1934, ukoo wa Talai ulihamishiwa Gwassi, penye mbung'o na malaria.

Je, hayo yalikuwa mauaji ya kimbari? Istilahi yenyewe ilibuniwa na mwanasheria Raphael Lemkin mwaka 1944. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948 unadai ithibitishwe nia ya kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake. Hapo ndipo wasomi wanapotofautiana, kwani wakoloni waliita mashambulizi ya aina hii misafara ya kuadhibu. Muuaji haandiki nia yake waziwazi.

Hata hivyo, mjadala wa jina usichelewesha haki. Mwaka 2013, Uingereza ilikubali kuwalipa waathiriwa 5,228 wa enzi ya Mau Mau pauni milioni 19.9. Kesi yao ilitiwa nguvu na utafiti wa wanahistoria, pamoja na nyaraka zilizofichuliwa 2011 baada ya kufichwa Hanslope Park. Wakipsigis na Watalai, ambao madai yao yalikubaliwa na Tume ya Taifa ya Ardhi mwaka 2019 na kufikishwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2022, wanahitaji silaha iyo hiyo. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko jirani. Wazee wanaosimulia waliyorithi hawatatungoja.

Lakini utafiti huo usiwe wa upande mmoja. Katika ghasia za 2007 na 2008, zilizoua watu 1,133 nchini kwa hesabu ya Tume ya Waki, wafanyakazi wa jamii nyingine walifurushwa kutoka mashamba hayo hayo ya chai. Anayedai kumbukumbu ya 1905 hana budi kukubali na ya 2008 iandikwe.

Mwenye kovu usidhani kapoa, awe Mkipsigis au jirani yake.