Kujulikana Hakulipi Nauli

Wasee, wacha nianze na mitungi. Ile ya manjano ya lita 20, inayokuja na mafuta ya kupikia, halafu mafuta yakiisha inageuka kuwa mitungi ya maji hadi siku itakapopasuka. Tulikusanya 140. Mingine tulipewa na wauza maji wa mkokoteni, mingine tulinunua kwa mtu wa skrapu na pesa ilitoka mfukoni mwetu. Tukaiosha, tukaikata kwa kisu cha moto, tukaifunga mmoja mmoja kwa waya mpaka ikawa pazia refu linaloning'inia, taa ndani yake. Katikati tukaacha mtungi mmoja mzima unaodondosha maji kwa beseni. Ukisimama pale gizani unasikia tone tu. Kila aliyekulia mtaa wenye mfereji mkavu alijua tunasema nini bila kuelezwa.

Hiyo ndiyo wanaita instolesheni: si picha ya kutundika ukutani, ni kazi unayoingia ndani yake. Ilikuwa ya tamasha moja la sanaa hapa Nairobi, silitaji. Tulikuwa wanafunzi tisa. Wazo letu, mchoro wetu, mikono yetu.

Usiku wa pili tulitoka saa tano. Mvua ilikuwa imenyesha na mat za Kayole zimepanda hadi 150. Nikamwendea madam aliyekuwa akisimamia, nikamuuliza kuhusu nauli. Aliniangalia kama mtu ameombwa figo. "Vijana wangu, hii ni nafasi ya kujulikana. Watu wakubwa watapita hapa."

Na kweli walipita. Walipiga selfi, pazia letu likazunguka kila mahali mtandaoni. Siku ya ufunguzi nikaenda kusoma kibandiko kando ya kazi. Jina la tamasha, nembo ya mdhamini, halafu chini kabisa kwa herufi za sisimizi: "Imetengenezwa na vijana wa jamii."

Vijana wa jamii! Watu tisa wenye majina, vitambulisho na madeni ya HELB.

Najua kuna mtu tayari anaandika, "Si mlikuwa mnajifunza?" Sawa, tulijifunza. Lakini mwenye tenti alilipwa. Mwenye spika alilipwa. Soja wa geti alilipwa, na alistahili. Hadi mwenye vyoo vya kukodi alilipwa. Kwenye ule uwanja wote, waliokuwa wanafanya kwa mapenzi ya sanaa ni wale tu walioitengeneza hiyo sanaa. Na hiyo hoja ya kujifunza haisimami hata jua kali. Niliwahi kumwona fundi wa Kamukunji akimfundisha kijana kukunja bati. Saa saba ilipofika alimnunulia chapo madondo bila kuombwa. Hakumwambia atakula kujulikana.

Sisemi kila kitu kilipiwe. Mradi wa darasani ni wa darasani. Na kama msanii ana wazo lake na wewe umeitwa kushika ngazi, jina lake litakaa juu, hiyo haina noma. Lakini lako pia liwe mahali.

Wengine watasema mitungi si sanaa ya maana ya kupigania. Romuald Hazoumè wa Benin alipanga mitungi ya petroli kwa umbo la meli ya watumwa, na hiyo kazi, La Bouche du Roi, leo ni mali ya British Museum. Serge Attukwei Clottey wa Ghana amejenga jina kwa mitungi ya manjano kama hii yetu. Umeona nimewataja kwa majina? Ni rahisi hivyo.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Mwaka 2015, banda la Kenya kule maonyesho ya Venice lilipangiwa wasanii wengi wao Wachina. Wasanii wa hapa walipiga kelele, Michael Soi akachora picha za kukejeli aibu ile, hadi serikali ikajitenga na banda hilo. Kelele za haki kabisa. Jina la Kenya lilikuwa limetumika huku Wakenya wamefutwa. Sasa niambie, kumfuta mwanafunzi wa Kayole na kuandika "vijana wa jamii" kuna tofauti gani, isipokuwa hakuna ndege ya kupanda?

Tena hii si kuombana hisani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, kifungu cha 32, inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, na ya kupinga ikiharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Tulikuwa nayo hiyo haki usiku ule tukiwa juu ya ngazi. Hatukuijua.

Tamasha liliisha Jumapili. Jumanne tukaenda kuchukua mitungi yetu, tukakuta waya imekunjwa pembeni. Soja akatuambia lori la taka lilikuja jana asubuhi. Hakuna aliyetupigia simu. Hata ule mtungi mzima ulienda, na huo ungebeba maji miaka mingine miwili.

Lakini tuseme ukweli: tulijiuza wenyewe. Hatukuandikiana chochote. Mmoja wetu aliposema tudai nauli kabla ya kuanza, kuna msee alimwambia, "Wacha kusumbua, tutakosa nafasi." Huyo msee ni mimi.

Wiki jana nimealikwa tena, tamasha lingine, maneno ni yale yale, kujulikana na watu wakubwa. Nikajibu kwa WhatsApp na maswali manne. Nauli na chakula vya watu tisa ni nani analipa? Majina yetu tisa yatakaa wapi, na kwa herufi za ukubwa gani? Vifaa vinanunuliwa na nani? Kazi ikiteremshwa inaenda wapi, na nani anatuambia kabla lori halijafika?

Mpaka sasa ni tiki mbili za bluu.