Andikeni kiasi cha klorini ukutani

Karibu kila foraji, yaani kisima cha bomba, inayochimbwa nchini kwetu Kongo huwekewa kibao. Jina la mfadhili lipo, nembo ipo, tarehe ya uzinduzi ipo, na pengine hata jina la mheshimiwa aliyekata utepe. Kisichoandikwa ni hali ya maji yenyewe siku ile mtu anapokuja kuteka. Kwa ajili ya mama anayepanga bidoni zake mbele ya bomba huko Malemba-Nkulu, mkoani Haut-Lomami, tunaomba nafasi ndogo kwenye kibao hicho. Pawe na sehemu ya kuandika kwa chaki, kila asubuhi, kiasi cha klorini kilichobaki katika maji yanapotoka bombani.

Tunaanza na Malemba-Nkulu kwa sababu ya mahali ilipo. Mto Lualaba unapita hapo, na bonde lote la Upemba limejaa maziwa na vinamasi, kuanzia ziwa Upemba na Kisale hadi Kabamba. Samaki wa huko, wabichi kwa wakavu, huliwa hadi Lubumbashi. Maji hayohayo ndiyo yanayokifuga kipindupindu. Daktari Didier Bompangue na wenzake walichambua wagonjwa wote wa kipindupindu walioandikishwa Katanga na Kasai Mashariki kati ya 2000 na 2005, wakakuta kwamba milipuko ilianzia kwenye maziwa, kisha ikasafiri na watu. Mwaka 2017 nchi nzima iliandikisha wagonjwa zaidi ya 50,000 na vifo zaidi ya 1,000, na Haut-Lomami ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoumia.

Kwa hiyo kuyaacha maji ya mto na kuchimba chini ni uamuzi mzuri. Maji yaliyopenya udongo na mchanga kwa mita nyingi yamechujwa, na mara nyingi hutoka masafi kuliko ya ziwani. Mara nyingi, si kila mara. Tumezoea kuyaamini maji ya chini kana kwamba yamepigwa muhuri na serikali, hali yanaweza kuwa masafi kule chini na yakachafuka njiani kuja juu. Fundi hakuziba vizuri kwa saruji kuzunguka bomba la kisima. Sakafu ya zege imepasuka, na maji yanayomwagika yanarudi chini pamoja na kinyesi cha mbuzi. Choo kimechimbwa hatua chache tu kutoka hapo, ingawa kanuni ya mashirika ya misaada ni angalau mita 30. Na kwenye tambarare za Lualaba hata mita 30 hazitoshi kumpa mtu usingizi: mvua zikikolea, maji ya ardhini hupanda hadi ndani ya mashimo ya vyoo, na mafuriko yakija, choo na kisima vinakuwa dimbwi moja. Hapo bado hatujataja tangi lisilooshwa, wala bidoni iliyowahi kubeba mafuta ya mawese.

Anayedhani haya ni matatizo ya maskini tu na atazame Walkerton, mji wa watu wapatao 5,000 huko Ontario, Kanada, uliokuwa ukinywa maji ya visima. Mei 2000 mvua kubwa zilinyesha kwa siku kadhaa, zikapeleka samadi ya ng'ombe kutoka shamba la jirani hadi kwenye kisima kimoja kifupi. Bakteria hatari wa E. coli wakaingia mabombani. Watu 7 walikufa, na zaidi ya 2,000 wakaugua. Mji ule ulikuwa na mashine ya kutilia klorini, ulikuwa na wafanyakazi wanaolipwa, ulikuwa na kitabu cha kumbukumbu. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba kitabu kilijazwa namba za kubuni: waendeshaji hawakuwa wakipima kila siku kama walivyotakiwa, waliandika tu, na mambo yalikuwa hivyo kwa miaka mingi. Namba zilikuwepo, ila zilikaa ofisini, mahali ambapo hakuna mteka maji anayefika. Ndiyo sababu sisi tunataka ukuta na chaki. Kipimo kifanyike mbele ya foleni, na foleni yenyewe ione rangi.

Rangi, kwa sababu kipimo chenyewe ni rahisi mno. Ni kichupa cha plastiki chenye mistari ya rangi pembeni, kinaingia mfukoni. Unajaza maji ya bomba, unatia kidonge kimoja, unatikisa. Maji yakigeuka pinki, klorini ipo, na kadiri pinki inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba klorini iliyobaki isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapopokea maji, na ipandishwe hadi 0.5 au zaidi hatari ya mlipuko inapokuwepo. Mwalimu wa shule ya msingi anaweza kupima. Mtunza bomba anaweza. Kijana aliyemaliza darasa la sita anaweza.

Na namba hiyo hueleza zaidi ya inavyoonekana. Klorini ikikutana na uchafu hutumika ikaisha. Ikiwa jana ubao ulisema 0.5, leo unasema sifuri, na kiasi kilichotiwa tangini ni kilekile, basi kuna kitu kimeingia majini usiku: mpira umetoboka, tangi limeachwa wazi, au mafuriko yamefika kwenye kisima. Kwa vijidudu vyenyewe kuna kipimo kingine, kinachodai joto la kukuzia na kusubiri kama siku nzima; kanuni yake ni kwamba katika mililita 100 za maji asipatikane hata E. coli mmoja. Hicho kiwe kazi ya zoni ya afya, kila mwezi na kila baada ya mafuriko. Cha kila asubuhi kiwe cha klorini.

Pampu ya mkono haina tangi la kutilia dawa, na mabomba yenye tangi si mengi. Tunalijua hilo. Wakati wa mlipuko tumezoea kuona meza kando ya mto au kisima, vijana wa kujitolea wakitia klorini kwa sindano isiyo na ncha katika kila bidoni ya lita 20. Kazi nzuri, inayookoa watu. Kisha mlipuko unatulia, ripoti inaandikwa, na meza inaondoka na gari lililoileta. Kwa pampu za mkono tunaomba meza hiyo isikae kwa majuma ya mlipuko peke yake, ikae masika yote, na ubao uandikwe kilichopimwa ndani ya bidoni baada ya nusu saa, maana klorini inahitaji muda huo kufanya kazi.

Sehemu ya pili ya ombi letu tunaitoa Uvira. Mji huo, ulio kando ya ziwa Tanganyika, unateka maji ya mto Mulongwe, si ya kisima, lakini kilichopimwa kule kinatuhusu. Watafiti walichukua takwimu za REGIDESO, shirika la maji la serikali, za maji yaliyosukumwa kila siku kuanzia 2009 hadi 2014, wakaziweka sambamba na idadi ya waliolazwa kwa dalili za kipindupindu. Siku bila maji ya bomba ilifuatiwa na ongezeko la asilimia 155 la wagonjwa katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na siku ambazo maji yalitoka vizuri. Karibu robo ya wagonjwa wote wa miaka hiyo walihusishwa na upungufu wa maji bombani. Haishangazi. Bomba likikauka, watu hawaachi kunywa, wanashuka ziwani. Na mabomba matupu hunyonya uchafu wa nje kupitia kila ufa. Kwa hiyo chini ya namba ya klorini iandikwe nyingine: maji yalitoka saa ngapi jana. Pampu inayotegemea mafuta ya jenereta, ikisimama siku tatu kwa sababu fedha za mafuta hazipo, imeshawarudisha watu kwenye Lualaba, hata kama klorini yake ni ya kupigiwa mfano.

Tumesikia pingamizi kwamba ubao ukisema sifuri watu wataogopa, wakimbilie mtoni. Wenye hoja hii wanataka watu wanywe sifuri bila kujua. Jibu ni kuwa na klorini ya bidoni pale pale bombani, ili siku ya sifuri kila anayeteka atiliwe dawa papo hapo. Pingamizi la harufu tunalichukulia kwa uzito zaidi. Watu hulalamika kwamba maji yananuka dawa, na wengine huyakwepa. Mara nyingi hilo ni kosa la mtiaji anayekadiria kwa jicho, leo kijiko, kesho ngumi; anayepima hukosea kidogo. Kuna pia visima vyenye chuma, ambavyo maji yake hutoka meupe na baada ya saa chache yanageuka rangi ya kutu, yakachafua nguo na kuharibu ladha ya bukari. Chuma hicho hicho huila klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Kisima cha namna hiyo kinahitaji kichujio, na kukiacha bila kichujio ni kuwafukuza watu warudi ziwani kwa heshima.

Nani afanye? Kila ukiuliza, kidole kinaelekezwa kwingine. Katiba ya 2006, ibara ya 48, inatambua haki ya maji safi. Sheria ya maji ya Desemba 2015 ilishusha huduma hii kwa mikoa na mamlaka za chini. REGIDESO ni ya miji, maji ya vijijini yana idara yake, zoni ya afya inasimamia magonjwa, na kamati ya maji inashika ufunguo na faranga za bidoni, zile anazolipa kila anayeteka. Mgawanyo wetu ni huu. Kamati ipime kila asubuhi na iandike, kwa kuwa ndiyo iliyo jirani na bomba. Muuguzi mkuu wa kituo cha afya apite mara moja kwa juma bila kutoa taarifa, apime mwenyewe, alinganishe na ubao. Serikali ya mkoa, pale Kamina, inunue klorini na vidonge kwa mwaka mzima na kuvigawa, badala ya kungoja ndege ya msaada. Na faranga za bidoni zinunue klorini na mafuta ya pampu kwanza. Posho za vikao zifuate kama kitu kimebaki.

Unga wa klorini hupoteza nguvu kwa joto na unyevu, hivyo kuujaza ghalani kwa wingi ni kujidanganya. Uje kwa awamu, kwenye vyombo vilivyofungwa, na utunzwe kivulini. Vidonge vya kupimia ni vyepesi, boksi moja linatosha miezi. Awamu ya kwanza ifike Malemba-Nkulu mwezi wa tisa, kabla barabara ya kutoka Kamina haijawa matope.