Mkata Mti na Kalamu Yetu

Kwa Wanachama na Makarani wenzetu,

Twasikia mara kwa mara, maofisini na katika baraza za Kariakoo, kwamba misitu yetu yamalizwa na ujinga wa wakata miti. Sisi twaona hukumu hii si ya haki.

Kwanza kila mtu na aitazame nyumba yake. Nyumba za zamani za Kariakoo zilijengwa kwa boriti za mikoko, na delta ya Rufiji ilikuwa ghala kubwa ya boriti hizo. Maghorofa yaliyozifuata nayo yalitegemezwa kwa mirunda hata zege ikakauka. Kitanda cha mninga, mlango wa mvule, meza ya karani, vyote vimepita mikononi mwa watu wale tunaowabeza.

Na kazi yao ni nzito mno. Gogo hupandishwa juu ya jukwaa au shimo. Kamba iliyopakwa masizi huvutwa na kuachiwa ghafula ili ipige mstari. Kisha mmoja husimama juu akiuongoza msumeno, na mwenziwe huuvuta kutoka chini, vumbi la mbao likimwangukia machoni. (Adhaniye kwamba kazi hii haitaki akili na ajaribu kupasua ubao mmoja tu ulionyoka.)

Basi, ni nani aliyepoteza mali ya misitu? Daraja la Mkapa lilipofunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, njia ya kusini ikawa nyepesi kwa malori, na magogo yakatoka kwa wingi. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa taarifa ya uchunguzi wake, likakadiria kwamba katika ushuru uliopasa kukusanywa wilayani kwa mbao hizo, sehemu 96 katika kila 100 zilipotea. Mkata mti hatoi kibali, hapigi nyundo ya serikali juu ya gogo, haandiki hati ya kusafirishia, wala hahesabu mbao kwenye kizuizi cha barabarani. Kazi hizo ni za wenye kalamu, yaani jamaa zetu.

Hatusemi kwamba mkata mti hana kosa kamwe. Aingiaye kwa siri katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, karibu na mji huu, sheria na imshike. Lakini imshike pia bwana wake wa mjini aliyempa msumeno na posho.

Tena iko njia iliyo bora. Sheria ya Misitu ya 2002 yaruhusu kijiji kuwa na msitu wake na kuyashika mapato yake, na huko Kilwa watu wa Kikole wamevuna mpingo kwa njia hiyo. Pale karani huandika mbele ya wenye mali.

Kwa hivi twawaomba wanachama walio katika kazi hizo wasitie sahihi hati ya lori ambalo hawakulihesabu. Na sisi tulio mjini, tununuapo kitanda Keko au Kariakoo, tuulize mbao zimetoka msitu gani. Twaiomba Kamati iliweke jambo hili katika mkutano ujao.