FAHALI WAWILI HAWAKAI ZIZI MOJA: Kuchagua Samaki wa Tangi Dogo la Nyumbani

Juma hili ukurasa wetu waingia sebuleni, kutazama tangi la kioo lenye samaki wa rangi. Pambo hili huonekana katika hoteli na nyumba za Mbarara, na familia nyingine za askari nazo hulitamani. Ni tamaa njema. Tangi halipigi kelele, halihitaji uwanja, na mtoto akikabidhiwa kulilisha kila asubuhi hujifunza utaratibu bila ya kukemewa.

Lakini aghalabu furaha hiyo haidumu. Baada ya majuma mawili samaki mmoja huelea tumbo juu, wa pili hana mkia, na wa tatu hata mifupa yake haionekani. Mtoto hulia, na baba huhesabu fedha zilizopotea. Mara nyingi mtu hulaumu maji au muuzaji, ambapo sababu yenyewe ni uchaguzi: waliwekwa pamoja viumbe wasioweza kukaa pamoja. Wafugaji wa Ankole wanajua vyema maana ya methali isemayo fahali wawili hawakai zizi moja. Ndani ya kioo methali hiyo ina nguvu zaidi, kwa kuwa anayeshindwa hana pa kukimbilia.

Tuchukue tangi la kawaida, lenye urefu wa sentimeta 60, upana 30 na kimo 30. Likijaa huchukua lita 54 za maji, yaani uzito wa kilo 54 kabla ya kuhesabu kioo na changarawe. Liwekwe juu ya meza imara, mbali na dirisha lipigwalo na jua. Kisha, kabla ya kutoa fedha, mnunuzi ajiulize maswali manne.

La kwanza: je, samaki hawa wanataka joto moja? Mbarara iko katika kimo cha karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi yake inafahamika. Samaki wengi wauzwao kuwa ni wa nchi za joto hutaka maji ya nyuzi 24 hadi 26 za sentigredi mchana na usiku. Mwenye umeme wa kutegemewa aweza kuweka kipasha joto. Lakini katika makazi ya Nakivale, ambako nyumba nyingi hutumia nguvu ya jua kwa taa na simu tu, yafaa kuchagua samaki wavumilivu. Danio wenye milia, ambao asili yao ni Bara Hindi, huishi vizuri katika nyuzi 18 hadi 24. Plati wa Meksiko nao hawasumbuliwi na ubaridi wa kiasi. Kadhalika gapi, ingawa hupenda maji ya vuguvugu zaidi, huvumilia mengi.

La pili: je, mdomo wa mmoja waweza kumeza mwili wa mwingine? Kanuni hii haina huruma. Samaki hamchukii mwenzake. Akimwona mdogo wa kutosha, humwona chakula. Samaki-malaika mwenye mapezi marefu, anayependwa kwa umbo lake, huuzwa akiwa na ukubwa wa sarafu. Akikua huwameza neoni wadogo ambao alikaa nao kwa amani miezi mingi. Hivyo basi usiulize samaki ana ukubwa gani leo, bali atakuwa na ukubwa gani akikomaa. Samaki wa dhahabu naye, mpole kwa sura, hupita sentimeta 20 na huchafua maji kupita kiasi. Tangi dogo si mahali pake.

La tatu: je, tabia zao zapatana? Wako wapendao kundi, kama danio. Mmoja au wawili wakiwa peke yao huhangaika na kuwasumbua wenzao, bali wakiwa 6 au zaidi hutulia. Wako wapendao upweke, kama samaki mpiganaji wa Thailand, ambaye madume yake mawili hupigana hadi mmoja ashindwe au afe. Na dume huyo asiwekwe pamoja na gapi mwenye mkia mpana, kwa maana aweza kumdhania kuwa ni hasimu wake.

La nne: je, kila mmoja ana mahali pake? Danio huogelea juu na katikati. Plati hukaa katikati, na kambare wadogo wa Amerika ya Kusini hutafuta chakula chini. Wakigawana tangi namna hiyo, msongamano hupungua na ugomvi huwa haba.

Kwa tangi la lita 54 twapendekeza moja ya mipango miwili. Mpango wa kwanza ni danio 6 na plati 4, yaani dume mmoja na majike watatu, ili majike wasisumbuliwe mno na dume. Wa pili ni gapi madume 8 pamoja na kambare wadogo wenye mabaka 5. Tumesema madume kwa makusudi: jike la gapi huzaa watoto hai takriban kila mwezi, na katika nusu mwaka tangi hugeuka soko. Usichanganye mipango yote miwili kwa kutamani rangi nyingi.

Sasa tuwageukie samaki wa kwetu. Watoto wa Nakivale huweza kushawishika kuchota vifaranga kando ya Ziwa Nakivali na kuwatia katika ndoo au tangi. Hilo halifai. Kifaranga cha ngege ni kizuri machoni, lakini akikua dume huchimba shimo katika changarawe, hung'oa majani na kumfukuza kila anayekaribia. Kambare wa ziwani aweza kupita urefu wa mita moja, na usiku mmoja kwake watosha kumaliza tangi zima. Kamongo naye ana taya za kuogopwa hata na mvuvi mzoefu. Furu ni wadogo, tena madume yao yana rangi za kupendeza, lakini hupigania mipaka kama majirani wenye kesi ya shamba. Isitoshe, kifaranga kinachovuliwa leo ni kitoweo cha kesho kilichopotea. Mwaka 2017 askari wa jeshi walipelekwa maziwani kuzuia uvuvi wa samaki wachanga. Haifai familia ya askari ifanye kwa ndoo lile ambalo wengine walikamatwa kwa kulifanya kwa nyavu.

Maji nayo yana kanuni zake. Maji ya bomba ya mjini, na yale ya ziwa yanayosafishwa na kugawiwa makazini, hutiwa klorini ambayo huunguza matamvua ya samaki. Yaache katika ndoo wazi saa 24 kabla ya kuyatumia. Tangi jipya nalo halina vijidudu vyema vya kuuvunja uchafu wa samaki, na huchukua majuma 4 hadi 6 kwa vijidudu hivyo kuzaana vya kutosha. Kwa hiyo usinunue samaki wote siku moja. Anza na danio wachache, na wengine wafuate baada ya majuma. Kila juma badilisha robo ya maji, si yote. Chakula kiwe kile kinachokwisha katika dakika mbili. Samaki mgeni akae kwanza majuma mawili katika chombo chake peke yake, kwa maana ugonjwa wa mmoja huwafikia wote.

Limebaki jambo moja zito, nalo lawahusu hasa askari na polisi. Amri ya uhamisho yaweza kuja wakati wowote, na tangi la maji halipakiwi katika lori la jeshi. Wengine huona kuwa ni huruma kuwamwaga samaki katika Mto Rwizi au ziwani ili wawe huru. Hiyo si huruma, ni hatari. Maji ya Rwizi huelekea katika maziwa ya chini, na samaki mgeni akizoea huko hakuna awezaye kumwita arudi. Afrika Mashariki imekwisha kulipa gharama ya somo hilo. Sangara walitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilipofika miaka ya 1980 walikuwa wameongezeka mno, na aina nyingi sana za furu, zisizopatikana penginepo duniani, zikatoweka au kupungua kabisa. Ngege wa asili, aliyekuwa kitoweo kikuu cha pwani za ziwa hilo, leo amebaki hasa katika maziwa madogo. Sangara ameleta biashara, ni kweli, lakini kilichopotea hakirudi. Maelfu ya watu wa Nakivale, wenyeji na wakimbizi waliopokewa huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, hulitegemea ziwa lao kwa maji na kwa kitoweo.

Basi kabla ya kununua samaki wa kwanza, tafuta jirani, shule au ndugu atakayekubali kulipokea tangi siku utakapohamishwa. Ukimkosa, ngoja kwanza. Na ukimpata, mfundishe mtoto wake mapema kazi ya kubadilisha maji, ili siku ya safari ukabidhi tangi lenye samaki walio hai pamoja na mtu anayejua kuwatunza.