Kubana pesa Garissa si kama kubana pesa Nairobi

Leo naomba tuongee kuhusu hizi video za "ishi na mia mbili kwa siku." Kila mwezi inatoka nyingine. Msee ako Roysambu, ana sufuria moja inang'aa, anakuonyesha sukuma ya 20, nyanya tatu, kitunguu kimoja, halafu anakwambia anatembea kwa miguu kutoka kazini na mwisho wa mwezi ameweka elfu kumi. Vizuri. Simchukii. Lakini wallahi ukichukua hiyo bajeti ukailete hapa Garissa vile ilivyo, wiki ya pili utakuwa unaandikwa kwa kitabu cha deni cha duka.

Anza na kutembea. Hapa saa nane mchana, mwezi wa Machi, hata mbuzi wamejua kusimama kwa kivuli. Ukitoka Bula Iftin kwa miguu hadi mjini, utafika ukiwa umenunua maji baridi mara mbili na soda juu yake, na hiyo pesa ingekulipia tuktuk ukae kama mtu. Kwa huyu wa Roysambu maji baridi ni anasa. Kwetu feni, barafu na maji baridi ziko kwa orodha moja na unga. Mtu akikwambia zima feni usiku uokoe tokeni, muulize kama amewahi kulala hapa bila feni. Na hiyo ya umeme inaniuma zaidi, kwa sababu nje ya mji tuko na kile kiwanda cha umeme wa jua cha megawati 50 kilichofunguliwa Desemba 2019. Jua ni letu, umeme unaingia kwa gridi ya taifa, na sisi tunarudi kuununua kwa tokeni kama kila mtu. Haya, tuendelee.

Sasa hiyo sukuma ya 20. Tuna mashamba kando ya Tana, na kusema ukweli ndizi, maembe na tikiti za hapa ziko sawa. Lakini kabichi, viazi na vitu vingi vya duka vimepanda lori kutoka chini. Nairobi hadi hapa ni kama kilomita 370. Umepita Thika, Matuu, Mwingi, Ukasi, halafu daraja. Kila lita ya dizeli ya hiyo safari iko ndani ya bei ya nyanya yako. Septemba 2023 petroli ilipita shilingi 200 kwa lita hata kwa watu wa Nairobi, na bei ya kaskazini huwa ina gharama ya kusafirisha juu yake. Kwa hivyo ukiona mama mboga wa Garissa hakupunguzii, usimwite mchoyo. Naye amenunua hiyo barabara.

Na hiyo barabara ni moja. Hapo ndipo ushauri wa Nairobi unaanguka kabisa. Mnakumbuka Novemba 2023, mvua za El Niño? Maji yalikata barabara ng'ambo ya daraja, upande wa Madogo na Mororo, watu wakawa wanavuka kwa boti. Aprili na Mei 2024 ikarudia. Malori yalikaa upande ule, sisi upande huu, na bei ilipanda huku wewe umesimama kwa foleni. Yule aliyekuwa ananunua unga wa siku moja moja kwa sababu video ilimwambia "nunua unachohitaji leo tu" ndiye alilia kwanza.

Kwa maoni yangu, huku kubana matumizi ni kununua mapema. Kabla ya mvua ya Aprili na kabla ya ile ya Oktoba, kama mnaweza kuchanga nyumbani au na majirani, chukueni gunia la mchele, katoni ya tambi, mafuta ya mtungi mkubwa, sukari. Tambi na mchele hapa huwa si bei mbaya, na nyingine zimefika kwa njia ambazo mimi sitazitaja. Ukinunua kilo moja moja unalipa zaidi mwaka mzima, halafu maji yakija unalipa mara mbili. Kwa video utaonekana umetumia pesa nyingi siku moja. Wacha uonekane.

Kitu kingine nimechoka nacho ni ile hesabu ya 50/30/20. Nusu ya mshahara mahitaji, asilimia 30 starehe, asilimia 20 akiba. Ilienezwa na Elizabeth Warren, yule mwanasiasa wa Marekani, na binti yake, kwa kitabu chao cha 2005. Ilikuwa hesabu ya watu wa mshahara, wanaojua tarehe 30 nini kitaingia. Mimi niliacha chuo, sina mshahara, sina tarehe 30. Wiki hii nimelipwa tangazo moja, wiki ijayo hakuna kitu. Wengi wenu mnaosoma hapa ni hivyo hivyo: bodaboda, duka la hooyo, kuuza nguo Soko Mugdi, kupiga picha za harusi. Asilimia 20 ya pesa ambayo hujui kama itakuja ni ngapi?

Wazee wetu pia hawakuwa na mshahara na bado waliweka akiba. Benki yao ilikuwa na miguu minne. Mvua ikinyesha mbuzi wanazaa, shida ikija unauza mmoja, karo ikifika unauza wawili. Ilikuwa mpango mzuri, mpaka kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ikafeli mfululizo na benki ikafa barabarani watu wakiangalia. Mabula yetu yako na familia ambazo zilikuja mjini na kondoo kumi tu wamebaki, au hawana hata mmoja. Kwa hivyo mtu akisema vijana wa siku hizi hawajui kuweka akiba kama ayeeyo, mimi huwa namuuliza: ayeeyo aliweka, ilienda wapi?

Kuna akiba moja ambayo haikufa, na tunaidharau kwa sababu ni ya wamama. Ayuuto. Wengine wanaita hagbad, watu wa Nairobi wanaita chama cha kuzunguka. Mko kumi, kila mtu anatoa elfu moja kwa wiki, kila wiki mmoja anabeba elfu kumi. Wiki kumi zikiisha kila mtu amebeba, hakuna aliyelipa hata shilingi ya riba, hakuna fomu, hakuna anayekuuliza uko na mdhamini gani. Ukiiangalia kwa hesabu tu haikuongezei kitu. Umetoa elfu kumi, umepata elfu kumi. Lakini jaribu kuweka elfu moja kila wiki peke yako kwa simu, wiki kumi, bila kuigusa. Mimi najua watu wachache sana wanaoweza. Ayuuto inakuwekea watu tisa wanaokungoja Ijumaa. Ukikosa, aibu inafika nyumbani kwenu kabla yako. Maduka mengi unayoyaona, hapa na Eastleigh, yana pesa ya ayuuto kwa msingi.

Linganisha hiyo na simu. Fuliza ilianza Januari 2019, na sasa kuna vijana hawajui salio lao ni lao ama ni la kampuni. Unalipa asilimia 1 ya kuchukua, halafu ada ya kila siku inatembea wewe umelala. Mambo ya riba kila mtu ataulizana na shekhe wake, mimi si shekhe. Mimi nasema tu kama hesabu: ukifuliza kununua bando la kuangalia video ya kubana matumizi, hapo tumepotea wote, na mimi mwenyewe nimekula bando lako. Kama unataka benki isiyo ya riba, zipo tangu 2008, Gulf African na ile First Community ambayo siku hizi inaitwa Premier. Lakini hata hizo hazitakufungia pesa yako kama wale wamama tisa.

Sasa nifike pale patamu, na najua hapa ndipo nitachukiwa.

Pesa ya kijana wa Garissa haiishi kwa chakula. Wengi wetu tunakula nyumbani, na hiyo ni bahati ambayo yule wa Roysambu hana. Hapa hakuna anayekucheka ukiwa na miaka 23 na bado uko kwa hooyo. Usihame ili uonekane mkubwa. Lipa tokeni, nunua maziwa ya ngamia asubuhi, na utakuwa mkubwa hapo hapo. Hiyo peke yake inashinda vidokezo vyote vya intaneti.

Pesa inaisha jioni. Gari la miraa likishafika kutoka Meru, mji unabadilika. Tuseme, kwa mfano tu, unatumia 300 kwa siku, pamoja na njugu na maji na sigara ya rafiki. Kwa mwezi ni 9,000. Kwa mwaka umepita laki moja. Mtu huyo huyo atakwambia hawezi kuingia ayuuto ya elfu moja kwa wiki kwa sababu uchumi ni mbaya. Uchumi ni mbaya, sikatai. Lakini wewe tayari unachanga zaidi ya hiyo kila wiki, ni vile tu zamu yako haijawahi kufika.

Najua jibu. "Nyinyi wasichana hamwelewi, pale kwa kikao ndipo mtu anapata dili." Sawa. Nimewahi kuona dili zikitoka pale, kweli. Nimeona pia miaka ikitoka. Na kabla hamjanirudia, wasichana nao tuna miraa yetu: inaitwa harusi. Kila arusi nguo mpya, hina, dirac ambayo haiwezi kuonekana mara mbili kwa sababu iko tayari kwa status ya watu. Mimi siku hizi navaa ile ile. Dunia haijaisha. Tumeanza kubadilishana na mabinti wa shangazi zangu, na mwenye kutambua atambue.

Lakini ngumu kuliko zote ni neno hapana. Tunaita shahad: mtu akijua umeshika pesa, kila mtu ana haki nayo. Binamu ana nauli, rafiki ana shida, mzee amekusalimia kwa jina la babu yako, na hiyo salamu ina bei. Ukikataa unaitwa bakhili. Mkono birika. Video za wazungu zinasema "weka mipaka," kana kwamba ukoo ni wafanyakazi wenzako. Mimi sitaki kuwa mtu wa hivyo. Ule ule mkono unaoniomba ndio ulitulisha. Na nyumba nyingi hapa zinategemea ndugu aliye Minneapolis au London anayetuma hawala. Aprili 2015, baada ya shambulio la chuo kikuu hapa kwetu, watu 148 wakauawa, serikali ilisimamisha kampuni 13 za hawala hadi Juni. Familia zisizohusika na lolote zilikaa bila pesa ya chakula, na aliyeokoa ni jirani aliyekuwa na kitu. Jirani huyo angefuata kanuni ya "mipaka" watu wangelala njaa.

Kwa hivyo sisemi usitoe. Nasema tofautisha shida na mazoea. Mgonjwa, karo, mazishi, njaa: toa, na ukikosa kopa utoe. Bando, jioni ya fulani, "niongezee mia mbili nimalizie": hapo sema hapana na ulale. Na ujanja wa wamama ni huu: pesa ikiwa kwa ayuuto haiko kwako. Ukiombwa unasema ukweli kabisa, wallahi sina, iko kwa ayuuto, na hakuna mtu Garissa atakulaumu kwa hilo. Yule ambaye angekuita bakhili kwa pesa iliyo kwa simu, anakuheshimu kwa pesa iliyo kwa mzunguko. Ndiyo maana naona ni akiba iliyotengenezwa na watu wanaotujua.

Tatizo lake moja, nalo nisiwafiche: mtu akibeba mapema halafu atoroke, kundi linaumia. Wamama wanaepuka hiyo kwa kuchukua watu ambao nyumba zao zinajulikana, na msimamizi ndiye anayejaza pengo. Ayuuto za vijana kwa vikundi vya WhatsApp, na watu ambao hujawahi kuwaona uso, kaa mbali. Hiyo si ayuuto, hiyo ni mtu na namba ya simu.

Sisi tumeanza yetu, wasichana wanane, 200 kwa wiki, ndogo makusudi ili hata mwenye wiki mbaya asikose. Inazunguka kwa wiki nane na kila mmoja anabeba 1,600. Najua ni pesa ya kuchekwa. Mmoja anataka kununua unga na mafuta aanze kuuza mandazi mbele ya nyumba, mwingine anataka kulipia leseni ya kuendesha gari kidogo kidogo, mimi nataka kisimamishio cha simu kisichotetemeka. Kura ya zamu ni Ijumaa baada ya swala, kwa nyumba ya msimamizi, na msimamizi ni hooyo wa mmoja wetu kwa sababu sisi wenyewe hatuaminiani vizuri bado.